Nilimkaribisha Mwenyewe Kwenye Kibanda Chetu

Ndugu wasomaji, nina miaka sabini na miwili. Nina wajukuu kumi na wanne, wawili ni walimu, na ghala nilizojenga kwa mikono yangu bado zinatunza mtama wa watu. Shule yangu ni kisomo cha watu wazima peke yake, kwa hiyo msinicheke mwandiko. Kwa mambo mengi natembea kifua mbele. Kwa hili moja... nainamisha kichwa.

Nimelibeba muda mrefu. Nimechoka. Wacha niliweke chini hapa mbele yenu.

Mimi ni Mkurya wa Tarime. Nikiwa na miaka kumi na sita niliolewa na mwanamke. Ndiyo, mmesoma vizuri! Kwetu tunaita nyumba ntobhu. Mwanamke mzima asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa msichana, anamchagulia mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wanakuwa wa nyumba ile. Yule mwanamume hana lake pale. Hata wewe uliyezaa, ukiondoka unaondoka mikono mitupu.

Aliyenioa aliitwa Wankuru, mimi nilimwita Mama. Alizaa mabinti tu, wote wakaolewa, mume akafa. Hakunitesa hata siku moja. Nikiumwa alinikorogea uji mwenyewe. Nikijifungua alinikanda maji ya moto na kuimba. Wenzangu walipigwa, walinyimwa chakula, mimi nilinenepa! Nilijivunia mama huyu kama mtu anavyojivunia fahali wake. Sasa nione aibu kusema nilimpenda? Nilimpenda.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Tulikuwa tumehamishiwa vijijini juzijuzi tu, nyumba zimepangwa mstari kama meno. Ikatangazwa kambi ya mafunzo ya kazi za mikono kule Kisaka, wanawake wa Tarime na wa Serengeti pamoja. Tulilala kwenye madarasa ya shule, lakini mafunzo yote yalikuwa nje uwanjani, juani: kufuma fito za ghala, kukandika udongo, kuezeka nyasi, kufyatua matofali. Aliyetufundisha ni Bibi Maendeleo, mama mmoja mnene mcheshi, mtu wa mbali, mila zetu hakuzijua.

Kazi niliipenda! Shida ilikuwa foleni ya chakula. Wale walioolewa na wanaume walitucheka mchana kutwa.

"Eti dada, mumeo leo amevaa kitenge gani?"

"Mwulizeni, wakigombana nani anakimbilia kwao?"

Wenzangu wengine walikuwa wanalia. Mimi sikulia, mdomo wangu ulikuwa na makali tangu zamani. Nilimjibu mmoja kwamba wangu hanywi pombe, hanipigi na hanuki, sasa yeye aniambie wa kwake! Foleni nzima ikacheka, lakini kicheko hakikutusaidia. Kesho yake walianza tena.

Hapo nikapata wazo. Jamani, lilikuwa wazo zuri, hata leo nasema lilikuwa zuri! Nikamfuata Bibi Maendeleo nikamwomba sisi wa nyumba ntobhu tupate kivuli chetu, mahali pa kukaa wakati wa mapumziko, tule na kuongea bila kuchekwa. Mwenyekiti wa kambi alikataa. Alisema ujamaa ni watu wote pamoja, hautaki vikundi vya kujitenga. Bibi Maendeleo akamwambia, "Ndugu Mwenyekiti, hata ng'ombe wa zizi moja mwenye kidonda anatafuta kona yake. Waache wapumzike."

Tukajenga wenyewe. Tulikuwa kumi na moja. Miti tulikata mtoni, nyasi tukaezeka kama tulivyofundishwa, kikatoka kibanda kimeinama upande mmoja kama mlevi anayetafuta kiatu! Lakini kilikuwa chetu. Nikachaguliwa mlinzi wa mlango. Kila anayekuja nilimwuliza, "Wewe ni wa nyumba ntobhu?" Akisema ndiyo, anaingia. Akisema hapana, aende na njia yake. Na sharti letu likawa moja: la kibandani linabaki kibandani.

Wasomaji wangu, nitawaelezaje raha ya siku zile? Tangu niolewe sikuwa nimewahi kukaa na watu ambao sihitaji kuwaeleza kitu. Mtu anaanza kusema, "Siku ile ng'ombe walipofika kwa baba..." na wote tunaguna pamoja. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tulilia pia.

Ndani ya wale kumi na moja alikuwepo Ghati, rika langu, rafiki yangu tangu kuchunga mbuzi. Alikuwa na mtoto mgongoni, Mwita, bado ananyonya. Ghati alikonda kama fito. Aliyemwoa alimfungia unga, na mwanamume aliyechaguliwa ni mzee wa pombe anayekuja kwa ngumi. Nilimwona ana jambo moyoni. Kila akitaka kulisema analimeza.

Siku ya tano ya kibanda chetu waliitwa kina mama wazee kutufundisha kusuka vikapu vya nafaka. Nani akatokea na matete yake kichwani? Mama yangu Wankuru! Nilimkimbilia, nikampokea mzigo, nikajiona malkia. Alifundisha vizuri, vidole vyake vilikimbia kama panya. Mchana jua lilipowaka akaja mlangoni pa kibanda chetu. Akaangalia ndani, akacheka.

"Hapa ndipo kwenu?"

"Ndiyo, Mama. Hapa ni pa watu wa nyumba ntobhu."

"Basi hata mimi ni kwangu. Au nimekosea?"

Hakudanganya. Nyumba ntobhu ni yake kuliko yangu, yeye ndiye aliyeianzisha! Swali nililokuwa nauliza mlangoni yeye alilijibu vizuri kutushinda sote. Sikuwa nimefikiri kwamba nyumba ile ina watu wa aina mbili: yule ambaye ng'ombe walitoka zizini kwake, na yule ambaye ng'ombe waliingia zizini kwa baba yake. Mnaona kosa? Nililinda mlango kwa jina, na jina lilikuwa letu na lao.

Mwenzetu mmoja, Robhi, akanivuta kanga. Akaninong'oneza, "Mwambie akae nje, tafadhali."

Na mimi, kwa kiburi changu! Nilimgeukia nikamwambia kwa sauti, "Huyu ni mama yangu. Si kama wa kwenu."

Mama akaingia, akakaa pembeni, akaendelea kusuka kikapu. Mwanzo waliongea habari za mvua tu. Kisha mmoja akatania, mwingine akajibu, na baada ya muda wakamsahau. Ghati akanitazama.

"Dada, niseme?"

"Sema," nikamwambia. "Hapa ni kwetu."

Hapa ni kwetu... Maneno haya mimi ndiye niliyeyasema, si shetani!

Ghati akasema yote. Kuna kijana wa Ikoma, mlinzi wa wanyama, anampenda na yuko tayari kumchukua pamoja na mtoto. Kambi ikiisha, wenzake wakigeukia Tarime, yeye atageukia Ikoma na Mwita mgongoni. Wote tulimshika mikono. Robhi akavua shanga zake akamvisha mtoto. Nilimtupia jicho Mama. Alikuwa anasuka tu, kichwa chini.

Kesho yake asubuhi Mama akaaga. Alisema anawahi ng'ombe wake.

Siku ya tatu baada ya Mama kuondoka tulikuwa tunakanda udongo wa ghala, Ghati matope mpaka viwikoni, mtoto amelala ndani ya kibanda chetu. Wakaja wanaume wanne, na mbele yao yule mama aliyemwoa Ghati. Hawakutupa hata salamu. Walikwenda moja kwa moja kibandani. Hawakuuliza kiko wapi! Mama yule akatoka na Mwita mikononi, mtoto ameamka anatafuta ziwa.

Ghati alipiga kelele ambayo mpaka leo naisikia. Alikimbia na matope yake, wanaume wakamzuia. Bibi Maendeleo akaja mbio, akauliza mtoto huyu ni wa nani.

"Wangu," yule mama akasema. "Muulize yeyote hapa."

Bibi Maendeleo akatugeukia. Akaniangalia mimi, maana mimi ndiye aliyenizoea zaidi. Ghati naye akaniangalia.

Nikanyamaza.

Kwa mila, mtoto alikuwa wa yule mama kweli. Nami nilikuwa na wanangu wawili nyumbani, kwa mila hiyohiyo si wangu. Nikisema Mwita ni wa Ghati, wangu ni wa nani? Niliogopa! Nikatazama miguu yangu, nikasikia kilio cha mtoto kinapungua, kinapungua njiani, mpaka hakuna.

Mwenyekiti akaamuru kibanda kivunjwe siku ileile. Wale wenzangu tisa hawakunisemesha tena. Ghati alikwenda kwa baba yake, akaambiwa arudi alikoolewa, maana kaka yake ameshaoa kwa ng'ombe walewale. Akarudi. Akakuta Mwita amepelekwa kwa ndugu ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, na hakuna wa kumwonyesha njia. Baada ya hapo aliondoka, na Tarime hatukumwona tena.

Mimi nilirudi nyumbani nikamkuta Mama anapepeta mtama.

"Mama, ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi." Hakuacha kupepeta. "Mtoto wa kiume akiondoka, nyumba inazimika. Siku wewe ukipanga kunitoroka na wanangu, ningetaka jirani ajue anyamaze?"

"Lakini mimi nilikukaribisha!"

"Ulinikaribisha. Hukuniambia nije bila masikio."

Nilikaa naye miaka mingi baada ya hapo. Alinipikia uji nilipoumwa, nami nilimwogesha alipozeeka. Nilimzika kwa heshima. Kumchukia nilijaribu, nikashindwa. Hata hilo lilinichosha.

Mwita alirudi akiwa kijana mwenye ndevu. Ni mtu mzuri, anaheshimu watu, ana watoto wake. Ananiita mama mdogo. Mwaka nenda mwaka rudi namwangalia akipita, na sijamwambia kitu. Ningeanzia wapi?

Ghati nilimwona mara moja tu. Ilikuwa stendi ya Tarime, siku ya soko, sote tumeshakuwa bibi. Yeye ndiye aliyenitambua kwanza. Akaja mbele yangu, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo."

Rika langu! Mtu tuliyechunga naye mbuzi ananiamkia kama mgeni aliyemzidi umri! Machozi yakanitoka palepale katikati ya watu na kuku wao. Nikamshika mkono nikamwambia, Ghati, usipande basi, twende nyumbani, Mwita yupo, mzima, tukae chini tuongee sisi wenyewe.

Akautoa mkono wake polepole.

"Sisi akina nani?"

Akapanda basi la Musoma. Hakuangalia dirishani.

Wasomaji wangu, siku hizi vikundi ni vingi. Wajane wana chao, wasichana wana chao, hata kwenye makambi mnajengewa mahema ya kukaa walio sawa. Ni vizuri, jengeni! Mtu mwenye kidonda anahitaji kivuli. Lakini ninyi mnaokaa mlangoni, nawasihi kwa magoti yangu haya mabovu: msiulize mtu anaitwaje, ulizeni siri ya mwenzenu ikitoka, huyo anayeingia atapata nini na atapoteza nini. Msimwambie mtu "sema" kama hamjageuka kuhesabu masikio yaliyomo.

Na kama anayebisha hodi ni mama yako mzazi, mama unayempenda kuliko wote, mpe kiti kizuri, mpe uji wa moto, kaa naye uongee naye mpaka jua lizame. Lakini nje.