Gunia Kumi za Maganda

Jumapili, saa 1:30 asubuhi. Nshambya, chumba cha nyuma cha karakana.

"Gunia kumi," Audax alisema. "Likizidi moja, mimi simo."

Chelezo alikiunda yeye, mapipa sita matupu chini ya fremu ya chuma. Akapiga hesabu kwa chaki sakafuni. Mapipa yanabeba kilo elfu moja na mia mbili. Robo iachwe kwa ajili ya mawimbi. Toa chuma na injini, mia tatu. Toa watu watatu, mia mbili. Zinabaki mia nne.

"Ni kahawa ya maganda kweli, isiyokobolewa?"

"Maganda," alijibu Byabato, mkubwa wao. "Gunia kilo arobaini."

"Na wewe, shemeji, una kilo ngapi?"

Mujuni, mume wa dada yake Audax, akacheka. "Sitini. Muulize Evodia, ndiye anayenipikia ndizi."

Mujuni hakujua kuogelea. Audax alikuwa amemwapia dada yake kwamba atamrudisha mzima. Maskini, alikiamini kiapo chake.

Saa 4:05. Mwaloni, gati la wavuvi, Muleba.

Mlinzi wa ghala la kahawa alikuwa kanisani na kijiji kizima. Byabato na Mujuni wakabeba mbio mbio, Audax akahangaika na injini iliyogoma. Ilipowaka, gunia la kumi lilikuwa limeshapakiwa. Akatazama chini. Mapipa yalikuwa karibu kumezwa na maji.

"Waitu, jamani! Haya si maganda!"

Akachana gunia moja. Zikamwagika punje safi, zilizokobolewa. Kilo sitini kila gunia.

"Ulijua?"

"Ningekwambia, ungekubali sita tu," Byabato alisema, panga mkononi. Filimbi ya mlinzi aliyerudi ikalia huko juu ghalani. "Endesha!"

Saa 4:40. Ziwani.

Mawimbi yakapanda juu ya chelezo. "Tupa gunia!" Audax akapiga kelele. "Moja tu!"

Byabato akayatazama magunia. Akamtazama Mujuni. Akamsukuma.

Chelezo kikainuka vidole viwili. Audax akajirusha majini, akazama, akaibuka, akazama tena. Alichopata ni kofia.

Saa 6:15. Mwaloni.

Wavuvi walimtoa Audax majini, polisi wakamfunga pingu. Mchuma janga hula na wa kwao. Evodia alikuja mbio na nguo za kanisani, kitabu cha nyimbo kwapani.

"Kaka, Mujuni yuko wapi?"

Audax alilia kama mtoto.

"Alikuwa na uzito wa gunia moja, Evodia. Tukabakiza gunia."