Jina Alilolisikia Sebuleni

Kila Jumamosi alasiri, akina mama wa kikundi cha ushonaji walikutana sebuleni kwa kina Twahira, mtaa wa Levolosi, kutengeneza mikoba ya ngozi yenye shanga. Twahira, mwanafunzi wa darasa la saba, aliwaandikia kumbukumbu za kikao kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka.

Siku moja waliamua kufungua tovuti. Jina lilikuwa lile lile la kwenye lebo zao, Mikoba Levolosi. Wangelisajili mwisho wa mwezi, wakishachanga.

Binamu yake Khalfani, aliyesomea kompyuta, alikuwa amemweleza kwamba jina la tovuti ni la anayelisajili kwanza, na wapo wanaonunua majina mapema ili wayauze kwa faida. Twahira akampelekea jina la Mikoba Levolosi pamoja na pesa yake ya Idi. Hakusema jina amelitoa wapi. Khalfani akalisajili na kuweka tangazo: linauzwa, shilingi laki tatu.

Mwezi ulipoisha, akina mama waliliona tangazo hilo. Laki tatu hawakuwa nayo. Mwenyekiti wao, Bibi Nosim, akasema basi wabadilishe jina na kufumua lebo zote mara moja, kwa sababu mnunuzi alikuwa anasubiri mikoba mia moja na ishirini aliyoagiza.

Siku iliyofuata, Twahira alipotoka shule, alimkuta Bibi Nosim mlangoni kwao penye mwanga, mkoba ukiwa karibu na pua, akikata uzi kwa wembe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lete hayo macho yako mazuri, mjukuu wangu. Huyo aliyechukua jina letu sijui kama ana mama."

Akina mama wenzake waliokuwa sebuleni wakacheka. Twahira akafumua lebo ya kwanza, akafumua ya pili. Ya tatu ilimshinda.

"Bibi, ni mimi niliyelinunua."

Mama yake akaweka mkasi chini, akamwambia avae viatu. Walikwenda moja kwa moja kwa Khalfani, na jioni ile jina likahamishiwa kwa kikundi bila malipo.

Lakini mikoba arobaini na mmoja ilikuwa imeshafumuliwa. Ngozi ikishatobolewa na sindano haizibiki; lebo ziliporudishwa matundu yalionekana, na mnunuzi akaikataa yote arobaini na mmoja.

Twahira aliomba radhi kwa kila mmoja, nao wakamwitikia vizuri. Hata hivyo, Jumamosi iliyofuata, ilipofika zamu ya kuzungumzia mambo ya kikundi, walisubiri kwanza atoke.

"Mama, wananinyamazia," alisema baadaye.

"Ndiyo. Kununua jina na kuliuza ni biashara. Ungebuni la kwako, hata mimi ningekuchangia. Hili ulilisikia kwa sababu walikuona mtoto wao. Waliongea bila kujificha, wewe ukaenda kuwawekea bei."

"Watanisamehe lini?"

"Wameshakusamehe. Kukuamini ni jambo jingine. Hilo watalifanya wakiwa tayari, na wewe usiwaharakishe."