Kibano Kina Kwao Kumoja

Asubuhi Mama anafungua duka la vifaa. Mimi nafagia. Kisha tunamkalisha Baba kwenye kiti chake. Kiharusi kimemchukua ulimi na mkono mmoja. Duka zima lilikuwa kichwani mwake. Sisi tumebakiwa na maboksi tu.

Mteja akiuliza kitu, Mama anamtazama Baba. Baba ananyoosha mkono ule mzima. Tunatafuta, hatukioni. Baba analia. Mteja anaondoka.

"Mwezi huu ukiisha hivi, tunafunga," Mama alisema.

Nikajifanya mjanja. Kibano cha kukazia mpira kinafunga bomba la maji, mpira wa gesi, hata mipira ya injini ya gari. Nikavigawa vibano rafu tatu: ya bomba, ya gesi, ya gari. Na vitu vingine hivyo hivyo.

Akaja fundi bomba. "Mama, nipe vibano."

Mama akaangalia rafu ya bomba. Tupu. "Vimekwisha, fundi."

"Vimekwisha? Na vile pale kwenye gesi ni hereni zako? Hili si duka, ni kaburi. Vitu vinazikwa!"

Akaondoka bila kununua. Mama akakaa chini.

"Tufunge tu, mwanangu. Nimechoka."

Shangazi, dada yake Baba, anashona nguo mlango wa pili. Alisikia yote. Akaja, futi ya kupimia shingoni.

"We kijana, mimi nani wako?"

"Shangazi."

"Kwa mama yako?"

"Wifi."

"Kwa wateja?"

"Fundi."

"Nalala nyumba ngapi?"

"Moja."

"Sasa kibano umekipa nyumba tatu za nini? Vibano vyote viweke rafu ya bomba. Ndiyo kwao. Kwenye gesi na gari tundika kimoja kimoja, na kikaratasi: 'Wenzangu wako rafu ya bomba.' Kwao kukiwa tupu, ndiyo vimekwisha kweli."

Sikuamini. Tulifanya tu, duka lilikuwa linakufa hata hivyo. Duka zima, mpaka vidole vikauma.

Siku moja fundi bomba akachungulia. Akasoma kikaratasi, akaenda mwenyewe kwenye rafu.

"Naona maiti wamefufuka!"

Mama akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Mwezi umeisha, duka liko wazi. Baba hasemi. Daktari anasema huenda asiseme tena. Mteja akiuliza kitu, hatumtazami Baba. Mkono wake mzima umelala mapajani, hauna kazi.

Juzi nilimwekea kibano kiganjani. Akakifumbata. Mpaka tunafunga duka jioni, hajakiachia.