Mjomba wa Kwenye Kompyuta

Susan alikuwa fundi cherehani mtaa wa Nyakuron, Juba. Kila mchana alishona sare za shule barazani huku akimngoja binti yake Lilly, mwanafunzi wa darasa la tano. Wakati wa vita Susan na jamaa zake walikimbilia Uganda. Mkataba wa amani ulipotiwa saini, walirudi. Duku, kaka yake Susan, hakurudi. Walipotezana njiani siku ya kukimbia, na hakuna aliyejua kama yuko hai.

Shule ya Lilly ilikuwa na kompyuta sita kuukuu zenye mtandao na jenereta yenye kelele za kuudhi. Mwalimu Flavia kutoka Kampala aliwafundisha watoto kuiandikia kompyuta maagizo. Nenda mbele. Geuka kulia. Nenda mbele. Wakikosea agizo moja, nyumba waliyokuwa wakiichora ilikosa mlango.

"Kompyuta haijui kufikiri," mwalimu alizoea kusema. "Inatii tu. Wa kufikiri ni wewe."

Siku moja Lilly alirudi mbio, akihema.

"Mama! Mjomba Duku yuko hai!"

Sindano ilimchoma Susan kidole. Hata hakusikia maumivu.

"Yeye iko hai? Nani amekuambia?"

"Yeye mwenyewe! Ananiandikia kwenye kompyuta. Anajua kijiji chetu cha Rejaf, anajua babu, anajua mpaka nyumba yetu. Anataka tukutane Jumamosi stendi ya mabasi, mimi peke yangu. Alisema nisikuambie, anataka kukushtua. Lakini nimeshindwa kunyamaza!"

Susan alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Damu nzito kuliko maji! Akajifunga kitenge, akamshika Lilly mkono, wakaenda shuleni kumshukuru mwalimu.

Flavia alisikiliza, lakini hakutabasamu.

"Mama Lilly, kaa kwanza. Tusome mazungumzo yote tangu mwanzo."

Wakasoma. Mtu asiyejulikana alianza hivi: "Hujambo, mtoto mzuri. Wewe ni wa nani?" Lilly alijibu kila kitu: jina la baba, la babu, ukoo, kijiji, nyumba ilipo, hata jina la mjomba aliyepotea. Kesho yake mtu yule yule akaandika, "Lilly, mimi ndiye mjomba wako Duku."

"Kuna jambo lolote hapa ambalo Lilly hakumwambia kwanza?" Flavia aliuliza taratibu.

Susan akawaka. "Wewe kaka zako wako Kampala wanakula matoke! Mimi wangu amepotea. Wewe huwezi jua!"

"Kweli, siwezi kujua," Flavia alisema. "Basi tumuulize kitu ambacho Duku peke yake anakijua."

Susan alifikiri. Siku ya kukimbia, watu walibeba nguo na chakula. Duku alibeba jiwe la kusagia la mama yao, wakamcheka mpaka walipopotezana. Akamwambia Lilly aandike: "Siku ya kukimbia ulibeba nini?"

Jibu lilikawia. Kisha likaja: "Nilibeba nguo. Mbona unauliza kama polisi? Njoo Jumamosi. Mama asijue."

Njia ya mwongo ni fupi. Susan alifunika uso kwa kitenge, akalia. Ilikuwa kama kumpoteza Duku upya.

"Tusimjibu tena," Flavia alisema. "Wala tusifute kitu. Mimi na mwalimu mkuu tutayapeleka haya polisi, kisha tutamzuia asimwandikie mtoto tena."

Lilly naye alianza kulia. "Malesh, mama. Nisamehe. Ulinifundisha mtu mzima akiniuliza mimi ni wa nani, nimtajie yote."

Ni kweli alimfundisha. Kule kambini Uganda kila mzazi alimfundisha mwanawe hivyo, ili akipotea apate kurudishwa kwao. Susan alimkumbatia kwa nguvu.

"Umeniambia. Hilo ndilo limekuokoa, mwanangu. Sitakupiga."

Flavia alivuta kiti karibu. "Lilly, mtu akiwa mbele yetu tunamwona. Kwenye mtandao mzee anaweza kusema yeye ni mtoto, au ni mjomba. Usimwage mtama penye kuku wengi. Jina lako kamili, shule, nyumba, picha, neno lako la siri, usimpe mtu usiyemjua. Usiende kukutana naye. Na akikuambia usimwambie mama, hapo hapo mwambie mama."

Jumamosi ilipita, Lilly hakwenda stendi. Wiki iliyofuata darasa liliandika mchezo: kama mgeni anauliza unakaa wapi, basi mwite mkubwa, la sivyo, endelea. Gaetano, mtundu wa darasa, alijibu makusudi, "Nakaa Kator." Kompyuta ikapiga king'ora, watoto wakavunjika mbavu. Nyuma yao walikaa akina mama, walioitwa na Susan. Yeye mwenyewe aliandika jina lake kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, akajisifu kama mtoto.

"Na mjomba Duku?" Lilly alimuuliza siku hiyo.

"Tutamtafuta. Lakini mahali pa kweli."

Flavia aliwaelekeza kwenye ofisi inayotafuta watu waliopotezana vitani. Mama mmoja mwenye kitambulisho kifuani aliwakaribisha viti. Akaandika maelezo ya Susan, kisha akamgeukia Lilly.

"Na wewe ni wa nani?"

Lilly alimtazama mama yake kwanza.

Susan akaitikia kwa kichwa. Ndipo Lilly alipotaja jina la baba, la babu, ukoo na kijiji, bila kuruka hata moja.