Gitaa Halikumsikia

"Mwambie baba yako asihangaike kushuka Jumamosi. Uchumba umekufa."

Fortunata aliyasema hayo akiwa bado mlangoni mwa studio ya Gidion, nyuma ya stendi ya Same, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Alikuwa ameacha gauni la watu kwenye cherehani. Ndani, mchumba wake Loth alikuwa ameketi na gitaa kavu mapajani. Alishuka kutoka kwao Suji, milimani, asubuhi hiyo kuja kusikiliza wimbo aliomtungia Fortunata huyu huyu, ambao alikuwa amemtumia Gidion autengeneze. Gidion, mwenye studio, akajifanya anafuta vumbi kwenye kompyuta.

"Umekufa kwa ugonjwa gani?" Loth aliuliza.

"Usinichekee! Sikiliza."

Akabonyeza simu. Gitaa la Loth likalia taratibu, tamu kama kawaida yake, kisha katikati ikapenya sauti ya mwanamke, laini, ya mtu aliye nyumbani kwake: "Loth mpenzi, makande yanapoa."

Chini ya wimbo palikuwa na ujumbe wa Gidion: "Dada, nimeshindwa kukuficha. Hivi ndivyo alivyonitumia kutoka Suji."

Mwanaume mwingine hapo angeapa kwa Mungu na kwa kaburi la bibi yake. Loth alicheka. Alicheka mpaka akafuta machozi, na Fortunata akatamani kumchapa kwa ile futi.

"Forti, unakumbuka siku niliyokupigia mama anatwanga mahindi nje ya dirisha langu?"

"Nakumbuka. Kinu kilikuwa kinanipasua masikio."

"Nilipokata simu tu, nikarekodi wimbo. Mama bado anatwanga. Sasa humo, umesikia kinu?"

Fortunata akairudisha simu sikioni. Akausikiliza tena mwanzo mpaka mwisho. Kinu hakikuwemo.

"Siku zote narekodi kwa simu," Loth akasema. "Naiweka mezani, inadaka kila kitu mpaka jogoo, na Gidion anajua. Lakini safari hii nilikuwa na gitaa hili la kwaya. Lina kinasa chake humu ndani, kinashika mtetemo wa nyuzi tu. Nilichomeka waya moja kwa moja kwenye kompyuta."

"Mambo ya waya siyajui. Mimi najua uzi na sindano."

"Basi usiniamini. Jaribu mwenyewe. Gidion, nipe waya."

"Umeme mdogo leo," Gidion akadakia.

"Taa si hiyo inawaka, kaka? Nipe waya."

Loth akachomeka. "Forti, baki hapo mlangoni. Nikianza kupiga, nitukane kwa sauti yako yote."

Kwa hilo hakuhitaji kubembelezwa.

"Loth mwongo! Mnafiki wa Suji! Mla makande ya watu!"

Muuza mkaa wa jirani akachungulia. Loth akamaliza kupiga, akairudisha rekodi. Spika zikatoa gitaa tupu, safi, hata "mwongo" haikuwemo.

Wapare wanasifika kwa kupenda kesi, na Fortunata alikuwa Mpare kamili. Akamwacha mshtakiwa, akamgeukia shahidi.

"Gidion, huyu mwanamke aliingiaje ndani ya gitaa?"

Gidion akarudia kufuta vumbi kwenye kompyuta.

"Nakuuliza kwa upole. Nikipandisha sauti, mtaa mzima utakuwa baraza."

"Ni binamu yangu Tausi. Nilimdanganya kwamba ni tangazo la mgahawa. Nikaibandika sauti yake juu ya wimbo. Nilidhani Loth amerekodi kwa simu kama siku zote."

"Kwa nini?"

"Nakupenda, Fortunata. Tangu kabla yake."

"Ungekuja kuniambia, ningekukatalia kwa heshima. Sasa nakukatalia bila heshima."

Akamshika Loth mkono, wakatoka nje na gitaa lao. Kwenye kibaraza cha muuza mkaa, machozi aliyokuwa ameyazuia yakamtoka.

"Na wewe ulicheka! Mimi nakufa, wewe unacheka!"

"Nilicheka kwa sababu sikuwa na la kuogopa. Ilinipasa nikutazame wewe kwanza. Nisamehe, mama."

"Nami ilinipasa niulize kabla ya kuzika uchumba." Akajifuta kwa kiganja. "Nimekutukana vibaya."

"Lini? Hakuna ushahidi."

Fortunata akacheka, ingawa hakutaka. Akachukua simu, akaanza kumrekodia baba mkwe ujumbe wa sauti. Loth naye akaanza kugusagusa nyuzi pembeni yake.

"Shikamoo baba. Ni Fortunata. Jumamosi mshuke kama tulivyopanga, tena mapema. Makande nitapika mimi."

Jibu la Mzee Eliufoo halikuchelewa:

"Marahaba, mwanangu. Tunashuka. Na huyo anayepiga gitaa hapo pembeni yako, mwambie apande nyumbani. Mama yake ana mahindi ya kutwanga."