Kasha Lenye Vishikio Viwili

Fundi wa kuchomelea alikunywa chai akiwa amesimama. Ndiyo ilikuwa kawaida yake. Mkewe alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha, akishona sare za shule. Kila asubuhi mke alimwambia akae, kwani chai hainywewi kama dawa. Kila asubuhi fundi alijibu kwamba chuma hakimngojei mtu. Kisha aliaga.

"Haya, mama watoto."

"Haya, baba watoto. Mungu akutangulie."

Nyumba yao ilikuwa na milango miwili ya chuma. Yote aliitengeneza yeye. Nondo za madirisha alizichomelea yeye, na vitanda vya watoto vilevile. Majirani walisema kwamba kwa fundi hata upepo hubisha hodi.

Lakini karakana yake ilivamiwa mara mbili katika mwaka mmoja. Fundi akaomba kibali cha kumiliki bastola, akapewa. Afande wa kike aliyeshughulikia vibali alimwagiza anunue sefu ya kuitunzia nyumbani. Fundi aliitikia, lakini hakununua. Mkewe alipomuuliza, alicheka.

"Mimi niuziwe chuma? Samaki auziwe maji?"

Akatengeneza kasha mwenyewe kwa siku moja. Alitumia vipande vya bati vilivyobaki kwenye kazi ya mlango wa mtu. Akalipaka rangi ya kijani. Bawaba zilikuwa nje, na mbele akatia kufuli. Pembeni akachomelea vishikio viwili vizuri vya bomba, ili siku ya kuhama nyumba lisimuumize mtu mgongo. Bastola akaiweka humo, na risasi humo humo. Kasha akaliweka chini ya nguo kabatini.

Kisha akaanza kulionyesha. Kila mgeni aliitwa chumbani kuliona. Shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe, alikuwa mlinzi wa duka la dawa na mtu wa mzaha sana. Alilizunguka kasha, akaligonga kwa kidole.

"Shemeji, hili ni kasha au sufuria? Naona lina masikio."

Wote walicheka. Fundi alicheka kuliko wote. Jirani yao, dereva mstaafu, hakucheka. Alilipenda. Yeye alikuwa na bunduki ndefu ya kufukuzia nguruwe mwitu shambani, nayo ilikaa uvunguni mwa kitanda. Akaomba atengenezewe kasha kama lile, ila refu. Fundi akamtengenezea, na vishikio vyake viwili.

Asubuhi moja familia nzima ilikwenda kusali. Waliporudi, milango ya chuma ilikuwa salama. Wezi hawakuivunja. Walipandia juu, wakabandua bati la paa, wakatoboa dari. Kisha wakafungua komeo la mlango wa nyuma kutoka ndani, wakatoka kama wenye nyumba.

Kabati lilikuwa wazi. Chini ya nguo palibaki alama ya mraba. Wezi hawakuhangaika kuvunja kasha. Walilishika vishikio, mmoja huku, mwingine kule, wakalibeba kama ndoo ya maji.

"Twende polisi," mke alisema.

Fundi alikaa kitandani. Alisema mtaa mzima unanunua milango kwake. Wakisikia kasha lake limebebwa kirahisi hivyo, nani atampa kazi tena? Alimwomba mkewe ampe siku mbili. Angeulizia kimyakimya kwa wauza vyuma chakavu. Huenda kasha lingeonekana.

"Mficha maradhi, kilio kitamuumbua," mke alisema.

"Siku mbili tu, mama watoto."

Mke akanyamaza. Alimwomba Mungu, lakini hakumwambia mtu yeyote. Kwa kunyamaza huko hajajisamehe mpaka leo.

Siku ya pili, mchana, watu watatu waliingia kwenye duka la dawa. Shemeji alisimama mlangoni na rungu lake. Mmoja wao alitoa bastola. Shemeji alipogeuka, risasi ilimwingia mgongoni.

Hakufa. Daktari aliwaeleza polepole, akarudia mara mbili, kwamba mgonjwa ataishi lakini hatatembea tena. Fundi aliyasikia akiwa ameegemea ukuta wa wodi. Hakumtazama mkewe. Alitoka pale moja kwa moja hadi kituo cha polisi, akasema yote. Alikuwa amechelewa siku mbili.

Wezi walikamatwa kabla wiki haijaisha. Namba ya bastola ilikuwa ileile iliyoandikwa kwenye kibali cha fundi. Kibali kikafutwa. Mahakama nayo ikamwadhibu kwa kuhifadhi silaha ovyo na kwa kukaa kimya. Fundi hakujitetea.

Adhabu ilipokwisha, yule afande wa kike alimwita ofisini. Juu ya meza palikuwa na kasha la kijani. Lilikuwa limeokotwa mtaroni.

"Linyanyue," afande alisema.

Fundi alishika vishikio viwili, akalinyanyua.

"Hilo ndilo somo la kwanza. Kinachobebeka si sefu."

Fundi alilirudisha mezani. Afande akamvutia kiti, akaeleza bila kumkaripia. Alisema sefu nzuri hufungwa kwa bolti kutoka ndani, kwenye sakafu ya zege au ukuta imara. Chuma chake kiwe kinene. Bati la milimita moja hukatwa kwa mkasi wa bati, kwa hiyo atafute milimita tatu au zaidi, na mlango uwe mnene kuliko ubavu. Bawaba zikiwa nje, pini zake hugongwa zikatoka. Bora ziwe ndani. Mlango ukifungwa, vyuma viingie ukutani mwa sefu kwa pande kadhaa. Kufuli moja mbele haitoshi.

"Na sefu ya vyeti?" fundi aliuliza. "Si nayo ni nzito?"

"Hiyo imetengenezwa kuzuia moto. Mwizi ni kitu kingine. Uliza sefu ya silaha, yenye alama ya kupimwa. Na bunduki iingie nzima, isikae imeinama."

Akaendelea. Bunduki iwekwe bila risasi ndani yake. Risasi zikae mahali pengine, napo pafungwe. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Ufunguo usitundikwe msumarini. Namba na mahali pa ufunguo avijue mwenye kibali peke yake. Na sefu haionyeshwi wageni.

"Ulitengeneza mengine?" afande aliuliza mwishoni.

Fundi alitazama vishikio. Angeweza kusema hapana, na hakuna ambaye angejua. Dereva mstaafu mwenyewe alikuwa akijisifia lile kasha kila anapokaa. Kwenda kulikataa ilikuwa sawa na kujivua nguo barabarani. Lakini alikwisha kujua bei ya kukaa kimya.

"Moja," alisema. "Kwa jirani yangu. Nitakwenda leo."

Akaenda jioni hiyohiyo. Dereva mstaafu alimkaribisha kwa furaha. Fundi hakukaa. Alimwambia kasha lile ni kikapu tu, alitupe.

"Watu watakucheka, fundi."

"Wacheke, mzee wangu. Shemeji yangu hacheki tena."

Kesho yake waliripoti kwa afande, kisha wakaenda wote wawili dukani. Muuzaji aliwaonyesha sefu nyeusi inayong'aa, yenye vitufe vya namba. Fundi aliiinua kwa mkono mmoja.

"Hili ni kasha langu, ila limevaa suti," alisema.

Alipita kwenye kila sefu. Alipima unene, akatazama bawaba, akahesabu vyuma vya mlangoni, akatafuta matundu ya bolti. Muuzaji alichoka kumfuata. Ya tano ndiyo aliyoikubali. Ilihitaji watu wanne kuibeba. Fundi aliifunga mwenyewe kwenye kona ya stoo ya mzee, akatoboa zege na kukaza bolti nne kutoka ndani. Risasi zilipata kijisanduku chake cha chuma, nacho kikafungwa ukutani. Mzee alipokuwa akichagua namba, fundi aligeuka akatazama ukutani. Lile kasha refu alilikata vipande.

Baada ya miezi miwili wezi waliingia kwa mzee, mchana, akiwa hospitali kupimwa macho. Waliivuruga nyumba yote. Katika stoo waliacha mtaimbo uliopinda, na mikwaruzo kwenye rangi. Bunduki ilikuwa ndani. Mzee alikwenda polisi saa ileile. Kisha akamwita fundi aje aone.

Shemeji aliposikia, alitaka naye apelekwe. Fundi alimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka stooni. Shemeji alifunga breki za kiti. Mikono yake ilikuwa na nguvu sasa, kwa kuyazungusha yale magurudumu. Alishika pembe za sefu, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akavuta tena. Kiti ndicho kilichosogea.

"Haitikisiki," alisema.

Fundi alipitisha kidole kwenye mikwaruzo.

"Kumbe ulikuwa unaweza, shemeji." Akafungua breki. "Nirudishe nyumbani."

Mke alikuwa kwenye cherehani. Fundi alimsimulia kwamba bunduki ya mzee imepona, haikufika kwa mtu. Mke alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Akasema Mungu ashukuriwe, maana kuna mama mahali fulani ambaye leo mwanawe amerudi kwa miguu yake, wala hajui kwa nini. Kisha akaendelea kushona.

"Chai yako ipo mezani, fundi."

Tangu siku ile ya wodini alimwita hivyo, fundi, kama walivyomwita wateja. Fundi alivuta kiti. Akakaa, akainywa chai yake yote polepole, mpaka ikaisha.