Maji Yawe Kulia

Nyumbani tulimwita Cherehani. Alishona sare za shule katika karakana moja ya mjini, na mdomo wake ulikwenda sambamba na mashine. Mimi ni dada yake mkubwa. Haya aliniambia mwenyewe, na pale alipokuwa na shaka nitasema alikuwa na shaka.

Kazi ya kukaa kutwa ilimvimbisha miguu. Daktari akamwambia atembee au akimbie, naye kutembea hakujui. Basi kila alipotoka kazini alivaa raba na kwenda bwawani, jua likiwa bado lipo.

Bwawa hilo ndilo linaloupa mji maji. Limezungushiwa uzio wa waya. Nje ya uzio kuna njia ya udongo inayolizunguka lote, na nje ya njia kuna ukuta wa saruji uliomzidi mtu kimo. Mlango ni mmoja: unaingia hapo, unazunguka, unatoka hapo hapo. Watu wote hukimbia maji yakiwa mkono wao wa kulia. Hakuna kibao kinachosema hivyo, lakini mgeni akianza kwenda upande mwingine, mlinzi humwita na kumgeuza.

"Unamkimbia nani, mwanangu?" mama alizoea kumuuliza.

"Namkimbia daktari, mama. Nikisimama atanichoma sindano."

Utani huo ulikatika siku mwanamume mmoja alipomfuata njiani humo kwa nyuma, mzunguko mzima, akimpumulia kisogoni bila kusema neno. Mlinzi alimfukuza na hakurudi tena. Lakini mama alisema kukimbia kumekwisha.

"Basi nikae miguu ioze?" Cherehani akajibu. "Nitakimbia. Ila sitakimbia mikono mitupu."

Nikamsindikiza kwa fundi wa kufuli, ambaye pembeni ya kufuli huuza vitu vya kujilinda. Alitupangia mezani kikopo cha pilipili ya kupuliza, filimbi, na king'ora kidogo kama yai, chenye pini na kamba.

"Pilipili ni kali," alisema, "lakini ina bwana wake, upepo. Ukipuliza na upepo unakujia, umejipiga mwenyewe."

"Na filimbi?"

"Filimbi inataka pumzi. Ukishakimbia unayo ya kugawa?"

"Huyu pumzi ya kusema haimwishii," nikasema.

Fundi akacheka, kisha akachomoa pini ya king'ora. Duka zima likajaa ukelele mpaka nikaziba masikio. Akairudisha, kukawa kimya.

"Ukikitupa, kinalia. Mtu akikikanyaga, kinalia. Hakinyamazi mpaka pini irudi. Lakini msikilize mzee wenu: usikitie kwenye mkoba. Kitu cha kujiokoa ukianza kukitafuta, kimeshakuwa cha mwenzako."

Cherehani alichukua king'ora na pilipili. Usiku huo alishona mkanda wa kiunoni kwa kitambaa kigumu cha kaptura za wanafunzi. Pilipili ilikaa upande wa kulia, karibu na mkono. King'ora, kwa kuwa mbele kilimgonga tumbo, alikitilia mfuko mgongoni, akaipitisha kamba ya pini ubavuni hadi mbele, mwisho wake akauvaa kwenye kidole kama pete.

Kisha akafikiri zaidi, kama ilivyo tabia yake.

"Dada, shida ya pale ni kwamba kila mtu anakuja kisogoni. Nikikimbia kinyume, kila mtu nitamwona usoni kabla hajanifikia."

Ilikuwa fikra nzuri. Hata leo sioni kasoro yake.

Siku aliyoijaribu, mvua ilikuwa imenyesha adhuhuri na kuacha. Alipofika, mlinzi alikuwa kibandani mwake akibadilisha shati lililolowa, amewapa watu mgongo. Cherehani akashika njia kinyume. Maji yakawa mkono wake wa kushoto, ukuta kulia.

Mwanzo ilikuwa raha. Jua lilikuwa juu ya maji, udongo laini, hewa safi. Wa kwanza kukutana naye alikuwa mzee mstaafu wa posta, anayekimbia na taulo shingoni na asiyempita bila kumtania.

"Shikamoo, mzee. Leo nimetia gia ya kurudi nyuma," Cherehani akamwambia.

Mzee hakuitikia. Hakumtazama yeye. Alitazama nyuma ya bega lake, akapunguza mwendo, akajibana ukutani. Nafasi aliyoiacha ilikuwa pana mno. Ilikuwa nafasi ya watu wawili.

Baadaye walikuja wauguzi wawili waliozoea kukimbia wakizungumza. Walipomwona, mazungumzo yalikatika. Wakapangana mmoja nyuma ya mwenzake, migongo ukutani. Wa pili alinong'ona, "Samahani."

Hakumwambia yeye.

Baada ya hapo hakukutana na mtu.

Ndipo alipozisikia nyayo. Zilikuwa nyuma yake, si mbali. Hazikuwa na mlio wa raba. Zilikuwa na mlio wa ngozi juu ya tope. Aliongeza kasi, zikaongeza. Alipunguza, zikapunguza. Akajiambia ni mwangwi wa ukuta. Akaipita nyumba ya pampu, ambayo iko upande wa pili wa bwawa, mkabala na mlango. Nusu imebaki, akasema moyoni. Nusu tu.

Alikimbia hiyo nusu. Mlango haukuja. Ilikuja nyumba ya pampu.

Alidhani amechanganyikiwa. Akaendelea, macho ukutani, akiutafuta mlango kama mtu anayetafuta tundu la sindano. Ukuta. Ukuta. Ukuta. Nyumba ya pampu.

Hapa ndipo penye shaka. Hajui aliipita mara ngapi. Anachojua ni kwamba jua halikushuka, na kwamba kila alipoipita, nyayo zilikuwa karibu zaidi.

Akavuta pini.

King'ora kililia. Anasema alikisikia mpaka kwenye meno. Juu ya maji kulikuwa na ndege wengi weupe, wametulia. Hakuna aliyeruka. Hakuna aliyegeuza kichwa.

Hakuna aliyekuja.

Akakimbia na ukelele ule mgongoni. Kisha akahisi vidole. Viliugusa mkanda kiunoni, taratibu, kama fundi anayempima mteja. Vikaufikia mfuko.

Kimya.

Alitazama mkono wake. Kamba ilikuwa bado kidoleni. Pini haikuwapo.

Akasimama. Nyayo nazo zikasimama. Mbele yake njia ilikuwa nyeupe na tupu. Alijua mbele hakuna mlango. Mlango ulikuwa nyuma, alikoingilia, kwenye upande ambao watu wote huenda. Ili atoke, ilimpasa ageuke. Na akigeuka, atakiona.

Alisimama hivyo muda mrefu. Alisikia pumzi, na haikuwa yake.

Mwishowe akafumba macho. Akachomoa pilipili, akaipeleka juu ya bega, akabonyeza mpaka kikopo kikaisha. Upepo ulikuwa unamjia. Pilipili yote ikamrudia, na hata kope zilizofumbwa hazikumsaidia. Akapiga kelele, akageuka, akapapasa mpaka mkono wake wa kulia ukashika waya wa uzio. Akaanza kutembea, kipofu, mkono kwenye waya, maji kulia.

Hakusikia nyayo tena. Jambo moja tu lilikuwa geni. Njia nzima, usoni mwake, palikuwa na upepo mwembamba wa baridi. Ulimpuliza machoni, taratibu, unakatika na kurudi, kama mama anavyompuliza mtoto aliyeingiwa na vumbi. Ulimtuliza. Aliufuata.

Mlinzi alimpokea mlangoni na kunipigia simu. Nilifika, nikamwosha macho kwa maji ya kibandani, naye akasimulia akiwa na kwikwi. Mlinzi alisikiliza, kisha akavua kofia.

"Maji yalikuwa mkono wako gani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kushoto."

"Aliyekuwa hapa kabla yangu alinikabidhi funguo na neno moja. Maji yawe kulia. Sikumuuliza sababu, na yeye hakusubiri swali."

"Na king'ora hukukisikia, baba?" nikamuuliza.

"Nimekaa hapa hapa, mwanangu. Nimesikia vyura tu."

Nilimshika mdogo wangu begani kwa mkono wa kulia, tukatoka. Hakusema neno hadi nyumbani, yeye Cherehani.

Kesho yake asubuhi nilirudi bwawani. Mimi napenda jambo lijulikane lilivyokuwa, si linavyosemwa. Mlinzi hakutaka, lakini alinifuata. Udongo ulikuwa umeanza kukauka na umeshika kila kitu. Nyayo za raba zake zilikuwa za pekee zilizokwenda kinyume. Nyuma yake hapakuwa na nyayo za mtu mwingine. Nikapumua.

Tukafika alipogeukia. Kikopo kilikuwa pale. Kutoka hapo alirudi akiwa ameukaribia sana uzio, mahali ambapo wakimbiaji hawakanyagi kwa sababu ya tope, hatua fupi fupi za mtu asiyeona.

Mbele ya hatua hizo palikuwa na nyingine. Za miguu mitupu, myembamba. Kila raba yake ilipotua, mbele yake palikuwa na unyayo mmoja, vidole vikielekea vidole. Kitu kilikuwa kimetembea kinyumenyume, kimemkabili uso kwa uso, njia nzima.

Tulizifuata mpaka mlangoni. Pale mlinzi akasimama.

"Mimi mwisho wangu hapa," alinong'ona.

Nilivuka peke yangu. Kati ya mlango na lami pana kipande cha udongo, ndipo tulipopita jioni ile, mimi nimemshika mdogo wangu. Raba zake zilikuwapo, upande wangu wa kulia. Ndala zangu zilikuwapo katikati.

Na ile miguu mitupu ilikuwapo. Haikuwa tena kinyumenyume. Ilikuwa imegeuka, ikaelekea tulikoelekea sisi, hatua kwa hatua na zangu, upande wangu wa kushoto.